Tume, taasisi, wapelelezi wa kigeni au kuifuata hela: dola ikitekwa, udai kipi kwanza?

Kila skendo kubwa ikilipuka kelele ya kwanza huwa ile ile, iundwe tume huru. Tume inaundwa, watu wanashangilia, wanakaa mbele ya tivii wiki mbili tatu kuwaangalia vigogo wanavyotoka jasho kwa maswali, ripoti inakabidhiwa, picha inapigwa, imeisha hiyo. Miaka mitano baadaye unawaona wale wale wamekaa mstari wa mbele kwenye sherehe za kitaifa. Mi sizipingi tume, hapo chini nitasema zinafaa wapi, ila naona tunakimbilia kudai dawa kabla ya kuujua ugonjwa, na dawa zenyewe ziko kama tano hivi, zinatofautiana kwa gharama, kwa muda, na zaidi ya vyote kwa kitu kimoja ambacho ndo nitazipimia zote hapa: swichi kaishika nani. Yaani nani akiamka asubuhi kakasirika anaweza kuizima.

Ugonjwa upi kwanza

Kuna ufisadi mkubwa na kuna dola kutekwa, na watu wanavichanganya kila siku. Ufisadi mkubwa, ule wa mapapa, ni waziri kala asilimia kumi kwenye tenda, kavunja sheria, anajua kavunja, na anajificha. Polisi na waendesha mashtaka wakiamua kufanya kazi yao anakamatika. Dola ikitekwa ni habari nyingine kabisa, mwizi havunji mlango, ufunguo anao, tena yeye ndo anaamua fundi kitasa awe nani. Anajua waziri wa fedha atakuwa nani kabla waziri mwenyewe hajajua, bosi wa shirika la umeme ni wake, mkuu wa mamlaka ya kodi ni wake, na sheria ya manunuzi inashonwa kwa vipimo vyake kama suti. Msemo huu ulianza kushika kasi kwenye mwaka 2000, wachumi wa Benki ya Dunia walikuwa wanachunguza nchi zilizotoka kwenye ukomunisti wakakuta kuna makampuni ambayo hayatoi hongo ili yaikwepe sheria, yanainunua sheria yenyewe ikiwa bado inaandikwa.

Mfano ambao kila mtu anaukumbuka ni Afrika Kusini. Tarehe 9 Desemba 2015 rais Jacob Zuma alimfukuza waziri wa fedha Nhlanhla Nene, akamweka Des van Rooyen, mbunge ambaye wengi hata jina lake walikuwa hawalijui, randi ikaporomoka, na baada ya siku nne tu ikabidi ambadilishe amrudishe Pravin Gordhan. Baadaye naibu waziri Mcebisi Jonas akaeleza kwamba kama mwezi mmoja na nusu kabla ya hapo alipelekwa nyumbani kwa familia ya Gupta, wafanyabiashara waliotoka India, akaahidiwa uwaziri huo huo pamoja na randi milioni 600 kama angekubali kushirikiana nao, akakataa. Wenyewe familia ya Gupta walikana. Lakini fikiria tu ile picha, cheo cha waziri wa fedha wa nchi kinagawiwa sebuleni kwa mtu binafsi.

Na maendeleo yanakufa vipi hapo? Wengi wanahesabu hela iliyoibiwa, mi naona hela ndo sehemu ndogo. Shirika la reli na bandari la Transnet lilinunua vichwa vya treni 1,064, bei ikapanda kutoka randi bilioni 38.6 hadi bilioni 54.5, sawa, hiyo inauma, lakini kinachouma zaidi ni kwamba shirika lenyewe liliishiwa uwezo wa kusafirisha mizigo. Eskom, shirika la umeme, nao, mwaka 2023 nchi ilikuwa na mgao wa umeme siku zaidi ya 300. Na mamlaka ya kodi, ambayo ilikuwa inasifiwa dunia nzima, ilipangwa upya kwa ushauri wa kampuni ya Bain mpaka kitengo cha kuwafuatilia walipakodi wakubwa kikavunjwa, sasa nchi inayovunja kitengo cha walipakodi wakubwa unadhani hiyo inamtafuta nani? Wataalamu wanaondoka, wanaobaki wanajifunza kunyamaza. Hela iliyoibiwa unaweza kuirudisha kidogo kidogo, lakini mhandisi aliyehamia nchi nyingine na mkaguzi aliyeacha kazi kwa hofu hao huwarudishi kwa hati ya mahakama.

Msumbiji ni upande wa pili, ule wa mapapa wa kawaida ila mapapa kweli kweli. Kati ya 2013 na 2014 kampuni tatu za serikali zilikopa kama dola bilioni 2, za kununua meli za samaki aina ya jodari na vyombo vya ulinzi wa pwani, kwa dhamana ya serikali na bila bunge kuidhinisha, na sehemu kubwa ilifichwa mpaka Aprili 2016 ilipofichuka. IMF na wafadhili wakafunga bomba, sarafu ikaanguka, uchumi uliokuwa unakua kwa kama asilimia 7 kwa mwaka ukashuka chini ya 4. Kijana aliyezaliwa 2016 hakuona meli hata moja ila deni analo.

Haya, tuje kwenye dawa.

Tume ya uchunguzi: hadithi unapata, pingu hupati

Tume ya Jaji Raymond Zondo, ile iliyochunguza utekaji wa dola Afrika Kusini, ndo kipimo cha tume zote. Ilianza kusikiliza mashahidi Agosti 2018, mwanzoni ilipewa siku 180, ikamaliza Juni 2022. Mashahidi zaidi ya 300, gharama karibu randi bilioni moja. Na kazi ilifanyika jamani, tusiwe wachoyo wa sifa, leo ukitaka kujua nani alimpigia nani simu, mkataba gani ulihamishwa kwenda wapi, kipo kwenye karatasi, hakuna mtu atakayeamka akasema mambo yale hayakutokea. Kwa nchi iliyodanganywa miaka kumi hilo lina thamani yake.

Ila tume haifungi mtu. Inapendekeza, anayeshtaki ni ofisi ya mashtaka, na ofisi ya mashtaka ilikuwa miongoni mwa zilizodhoofishwa kwenye utekaji wenyewe, kwa hiyo unamkabidhi mgonjwa aliye kwenye dripu kazi ya kubeba magunia. Ndugu wawili wa Gupta walikamatwa Dubai Juni 2022, watu wakashangilia, 2023 mahakama kule ikakataa kuwarudisha kwa kasoro za nyaraka. Kenya nao wana kovu lao la zamani zaidi, Goldenberg, ile ya miaka ya mwanzo ya 90 ambapo serikali ilikuwa inalipa fidia ya kuuza nje dhahabu ambayo kwa sehemu kubwa haikuwepo, tume ya Jaji Bosire iliundwa 2003, ripoti ikatoka 2006, na 2013 mfanyabiashara mkuu kwenye sakata lile, Kamlesh Pattni, mahakama ikamwachia huru.

Swichi? Kwa kawaida iko kwa rais, ndiye anayeiunda, anayechagua mwenyekiti, anayeipa muda. Na hapa ndo Afrika Kusini walifanya ujanja ambao watu wanausahau. Thuli Madonsela, Mlinzi wa Umma wakati ule, yaani mkuu wa ofisi huru inayochunguza malalamiko dhidi ya serikali, kwenye ripoti yake ya 2016 aliagiza tume iundwe lakini jaji achaguliwe na Jaji Mkuu, kwa sababu rais mwenyewe ndo mtuhumiwa. Zuma akaenda mahakamani kupinga, akashindwa Desemba 2017. Bila kile kifungu kimoja ingekuwa kesi ya nyani hakimu ngedere. Na hata hivyo ilipofika Zuma kagoma kuhojiwa ni Mahakama ya Katiba iliyomhukumu miezi 15 kwa kuidharau amri yake, tume yenyewe isingeweza, na alipoingia jela Julai 2021 zikazuka ghasia zilizoua watu zaidi ya 300. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "tume haina gharama" mwambie akae chini.

Taasisi ya kudumu ya ndani: nzuri, kama kichwa cha samaki ni kizima

Hii ndo watu wanaipenda zaidi na mfano wao ni Hong Kong. 1973 afisa mkubwa wa polisi, Peter Godber, aliulizwa kapata wapi zaidi ya dola za Hong Kong milioni 4 kwa mshahara ule, akatumia kibali chake cha polisi akapita uwanja wa ndege akatoweka. Wananchi wakaandamana, Februari 1974 ikaundwa ICAC, taasisi ya kupambana na rushwa, nje ya polisi kabisa, ikiripoti moja kwa moja kwa gavana, na Godber akarudishwa kutoka Uingereza akafungwa miaka minne. Idara zilikuwa tatu, moja inakamata, moja inaziba mianya kwenye ofisi za serikali, moja inazunguka kuongea na wananchi, na watu wanaoiga huwa wanaiga ile ya kukamata tu maana ndo inayopendeza kwenye taarifa ya habari.

Wasifu wa ICAC unaruka kipande kimoja. Oktoba 1977 polisi wenyewe walivamia ofisi za ICAC, wakapiga maafisa, na siku chache baadaye gavana akatangaza msamaha kwa makosa mengi ya kabla ya 1977. Funika kombe mwanaharamu apite. Wengi walichukia, lakini taasisi ikapona, na mi naona kilichoiokoa ni kwamba polisi walikuwa wameoza ila aliye juu ya polisi alikuwa haimbii kwaya yao. Samaki alikuwa ameoza mkia.

Linganisha na KPK, taasisi ya kupambana na rushwa ya Indonesia. Ilianza 2003, ikawa tishio, ilimfunga hadi spika wa bunge, Setya Novanto, miaka 15, kwa kesi ya vitambulisho vya kielektroniki, hukumu ya 2018. Mpelelezi wake maarufu Novel Baswedan alimwagiwa tindikali usoni 2017. Hawakuivunja, hiyo ingekuwa aibu. Septemba 2019 bunge lilibadilisha sheria, ikawekewa bodi ya kuisimamia, wafanyakazi wakageuzwa watumishi wa serikali, halafu 2021 wakaletewa mtihani wa uzalendo na zaidi ya wafanyakazi 50 wakatolewa, Novel akiwemo. Jengo lipo, nembo ipo, na 2023 mwenyekiti wake mwenyewe akatajwa na polisi kuwa mtuhumiwa wa kudai rushwa. Kenya walizimiwa kwa njia fupi zaidi, Desemba 2000 mahakama ilisema mamlaka ya kupambana na rushwa ya wakati ule ipo kinyume na katiba, mchezo ukaisha siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo taasisi ya ndani unaipima hivi: nani anamteua mkuu wake, nani anaweza kumfukuza, bajeti inatoka wapi, na je inashtaki yenyewe au inapeleka faili kwa mtu mwingine aliyeteuliwa na yule yule mtuhumiwa. Kama majibu yote manne yanaishia kwenye meza moja, umejengewa sanamu.

Kuna na ile ya waendesha mashtaka mashujaa, Brazil, operesheni ya Lava Jato iliyoanza 2014 kwenye Petrobras, kampuni ya mafuta ya serikali. Kampuni ya ujenzi ya Odebrecht walikiri huko Marekani Desemba 2016 kuhonga kama dola milioni 788 kwenye nchi 12, haijawahi kuonekana. Lakini mgema akisifiwa, jaji Sergio Moro, aliyesikiliza kesi hizo, akamhukumu rais wa zamani Lula, Lula akatolewa kwenye kinyang'anyiro cha urais, Bolsonaro akashinda, na Moro akaenda kuwa waziri wa sheria wa Bolsonaro. Jumbe zake na waendesha mashtaka zikavuja 2019, 2021 hukumu za Lula zikafutwa. Hapo aliyezima swichi ni shujaa mwenyewe.

Wapelelezi wa kigeni ndani ya nchi

Guatemala walijaribu kitu ambacho sijaona kwingine kwa ukubwa ule. Serikali iliingia mkataba na Umoja wa Mataifa 2006, ikaja CICIG, tume ya kimataifa yenye wapelelezi wa kigeni, mishahara kutoka kwa wafadhili, ila inafanya kazi na ofisi ya mashtaka ya nchi na kwenye mahakama za nchi. Aprili 2015 wakalipua mtandao wa forodha, waagizaji wa mizigo walikuwa wanapiga simu kwenye namba maalumu kupunguziwa ushuru, ndo maana ukaitwa La Línea. Makamu wa rais Roxana Baldetti akajiuzulu Mei, watu wakajaa barabarani kila Jumamosi, Septemba 2 rais Otto Pérez Molina akaachia ngazi na jioni ya kesho yake yuko rumande. Desemba 2022 wote wawili wakahukumiwa miaka 16. Chekesho ni kwamba huyo huyo Pérez Molina ndo alikuwa ameongeza muda wa CICIG miezi michache nyuma, presha ilikuwa kubwa akashindwa kukataa.

Kwa kasi na kwa ukubwa wa samaki waliovuliwa hakuna kinachoifikia. Lakini mkataba ulikuwa wa miaka miwili miwili, na anayesaini ni rais. Jimmy Morales, mchekeshaji wa tivii aliyeshinda uchaguzi kwa kauli ya kwamba yeye si fisadi wala mwizi, alipoanza kuchunguzwa kuhusu hela za kampeni akamzuia mkuu wa CICIG Iván Velásquez asirudi nchini, na Septemba 2019 ikafungwa. Kilichofuata ndo kinachonifanya niwaze mara mbili kabla ya kuisifu, wageni walipanda ndege wakaondoka salama, ila waendesha mashtaka na majaji wazawa waliofanya nao kazi wengi waliishia kukimbia nchi au kushtakiwa. Ukidai njia hii, dai na ulinzi wa wazawa watakaobaki, kwenye maandishi, kabla mgeni wa kwanza hajatua.

Mahakama za nje na kuifuata hela

Hii ni ya taratibu, inachosha, haina picha za tivii, lakini kwa nchi ambayo watekaji bado wako ikulu naona ndo pekee yenye meno. Angalia Malaysia. Mfuko wa uwekezaji wa serikali, 1MDB, zaidi ya dola bilioni 4.5 zilichotwa kwa mujibu wa wizara ya sheria ya Marekani, dola milioni 681 zilikuwa zimeingia kwenye akaunti ya waziri mkuu Najib Razak. Mwanasheria mkuu aliyekuwa anachunguza akaondolewa Julai 2015, mpya akaja, Januari 2016 akasema hakuna kosa, ile ilikuwa zawadi kutoka familia ya kifalme ya Saudia. Ndani ya nchi faili limefungwa. Miezi sita baadaye Marekani ikafungua kesi ya kutaifisha majumba na mali nyingine, na kwenye hati akatajwa "afisa wa Malaysia namba moja", kila mtu akajua ni nani. Mei 2018 wapiga kura wakamtoa, 2020 akahukumiwa, Agosti 2022 akaingia jela. Kesi ya nje haikumfunga ila ilihifadhi ushahidi mahali ambapo mkono wake haukufika.

Msumbiji hivyo hivyo, waziri wa zamani wa fedha Manuel Chang alikamatwa Johannesburg Desemba 2018 kwa hati ya Marekani, akavutwa huku na kule miaka minne na zaidi, akapatikana na hatia New York 2024 na Januari 2025 akapewa miaka nane na nusu. Nyumbani mtoto wa rais wa zamani alipata miaka 12 mwaka 2022, na nadhani bila moto wa nje hata hiyo isingefika.

Kasoro ni muda. Sani Abacha, mtawala wa kijeshi wa Nigeria aliyeficha hela nje, alikufa Juni 1998, na hadi 2020 Nigeria ilikuwa bado inasaini makubaliano ya kurudishiwa zaidi ya dola milioni 300 zilizokuwa kisiwa cha Jersey. Angalau walijifunza kufunga masharti, zile dola milioni 322 za Uswisi zilirudi chini ya macho ya Benki ya Dunia zikagawiwa kaya maskini, za Jersey zikapangiwa barabara mbili na daraja la pili la mto Niger. Hela ikirudi bila masharti kwenye mfuko ule ule uliotoboka ni kumnywesha mwizi chai.

Na usidhani huku hakuna swichi, ipo ila iko mji mwingine. Februari 2025 serikali ya Trump ilisimamisha kwa muda utekelezaji wa ile sheria ya kuwashtaki wanaohonga maafisa wa nchi za nje, na kitengo cha wizara ya sheria kilichokuwa kinafuatilia mali za wezi wa madaraka kikavunjwa. Kitengo kile ndo kilikuwa nyuma ya kesi ya 1MDB. Kwa hiyo anayeegemea nje asiegemee nchi moja.

Uwazi wa manunuzi

Hapa nitapita haraka kwa sababu hii ni chanjo, haimtibu aliyekwisha ugua. Ukraine walianzisha ProZorro, tenda za umma zinawekwa kwenye mtandao, bei, waliopoteza, aliyeshinda, mwananchi yeyote anaingia anasoma. Rahisi ukilinganisha na tume ya bilioni moja, na haichagui upande. Inasaidia sana kuwapa waandishi na wakaguzi mahali pa kuanzia, ila mtu aliyeteka dola ataandika vigezo vya tenda vinavyomfaa yeye tu, halafu ataviweka wazi kabisa, tena kwa mbwembwe. Pia bila daftari la wamiliki halisi wa makampuni unaona jina la kampuni tu, na daftari zenyewe zimeanza kufungwa, mahakama ya juu ya Umoja wa Ulaya Novemba 2022 ilisema kuziacha wazi kwa kila mtu kunaingilia faragha.

Sasa uchague vipi

Kama watekaji bado wako madarakani, mi nisingepoteza hata maandamano moja kudai tume wala taasisi mpya, watakupa zote mbili kwa furaha na wenyeviti watawachagua wao. Weka nguvu kwenye kutunza ushahidi na kuutoa nje. Zile barua pepe za familia ya Gupta zilizovuja 2017 zilifanya kazi kubwa kuliko vikao vingi vya bunge, na zilitoka kwa watu wachache waliokuwa na diski na ujasiri. Ambao hulipa bei, David Munyakei, karani wa benki kuu aliyetoa nyaraka za Goldenberg, alikamatwa, akapoteza kazi, akafa 2006 akiwa hana kitu. Babita Deokaran, afisa wa fedha wa idara ya afya ya jimbo la Gauteng, Afrika Kusini, aliuawa kwa risasi nje ya nyumba yake Agosti 2021 baada ya kuhoji malipo ya hospitali. Kwa hiyo kama kuna sheria moja ya kudai kipindi hiki ni ya kuwalinda hawa, mfuko wa mawakili na wa kula, maana ulinzi wa karatasi hauzuii njaa.

Kama ndo wameondoka juzi, muda ni mfupi kuliko unavyofikiri, mwaka mmoja hivi kabla hawajajipanga upya. Hapo tume ina maana, lakini iende sambamba na ofisi ya mashtaka yenye watu na hela, sio tume kwanza mashtaka baadaye. Afrika Kusini walibadilisha kanuni katikati ya safari, 2020, ili wapelelezi wa Zondo na walichokusanya viruhusiwe kwenda kwa waendesha mashtaka. Ungekuwa na kanuni hiyo tangu siku ya kwanza ungeokoa miaka miwili.

Na kama dola yako haijatekwa, una mapapa tu, basi nenda na taasisi ya kudumu pamoja na mahakama maalumu, na mkazanie uteuzi. Hiki ndicho naona Ukraine walikipatia, ofisi ya upelelezi NABU tangu 2015, waendesha mashtaka wao peke yao, na mahakama kuu ya rushwa iliyoanza 2019 ambapo wataalamu wa kigeni sita walikuwa na nguvu ya kumkataa mwombaji wa ujaji mwenye doa. Mgeni yupo mlangoni tu wakati wa kuajiri, kazi inafanywa na wazawa, hakuna mkataba wa miaka miwili miwili wa kusubiri rais asaini. Nikilazimishwa kuchagua muundo mmoja kwa nchi yenye nafasi ya kuchagua ni huu, japo haukosi wa kuutamani. Tarehe 22 Julai 2025, katikati ya vita, bunge lao lilipitisha sheria ya kuiweka NABU na waendesha mashtaka wake chini ya mwanasheria mkuu aliyeteuliwa na rais, na rais akaisaini siku hiyo hiyo. Jioni vijana wakatoka Kyiv na miji mingine na maboksi waliyoyaandika kwa kalamu, Umoja wa Ulaya ukakunja uso kuhusu hela za msaada, na tarehe 31 bunge lile lile likapiga kura kuirudisha ilivyokuwa. Siku tisa.